Giaboksi ya Trekta la Nyasi Inapovuja

Ukikuta doa la oili chini ya trekta la kukatia nyasi, upande wa nyuma kati ya magurudumu makubwa, usikimbilie kuongeza oili, wala usianze kuulizia bei ya giaboksi nyingine. Mara nyingi kilichokufa ni sili ya mpira inayoenea kiganjani, na giaboksi yenyewe bado ni nzima. Kinachoiua giaboksi ni mambo mawili yanayofuata baada ya doa hilo: kuendelea kuiendesha ikiwa na oili pungufu, na kuifungua kabla ya kujua oili inatokea wapi. Kazi ya kuzuia uvujaji huo inaweza kufanywa na mtu mwenye spana, subira na mahali safi. Nasisitiza mahali safi, kwa sababu kwenye uchafu ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Matrekta haya yapo kwenye hoteli, shule zenye viwanja vikubwa, viwanja vya gofu na makazi yenye bustani pana. Mengine yaliletwa yakiwa yametumika, bila kitabu cha maelekezo, na fundi anayeitwa ni wa pikipiki au wa magari. Ni fundi mzuri, lakini giaboksi aliyoizoea haifanyi kazi kama hii. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Kuna matrekta yenye giaboksi ya gea za kawaida. Utaitambua kwa wenzo wenye namba, na unabadilisha gea kwanza ndipo unaondoka. Baadhi ya hizi hutiwa grisi badala ya oili, kwa hiyo ukiona uji mzito unasukumwa nje kwenye ekseli usishangae. Aina ya pili, ambayo ndiyo nyingi siku hizi, ni haidrostati. Haina gea za kuchagua: unakanyaga pedali, na kadiri unavyokanyaga ndivyo trekta linavyoongeza kasi. Ndani yake injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha puli iliyo juu ya giaboksi, puli inazungusha pampu ndogo ya pistoni, na pampu inasukuma oili kwenye mota inayozungusha ekseli kupitia meno machache. Kumbe oili hapa haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Oili ndiyo inayobeba nguvu. Ikipungua, hewa inaingia kwenye pampu, trekta linakosa nguvu kwenye mwinuko, linalia, na mwishowe pampu inajikwaruza yenyewe.

Mfano mmoja wa haidrostati unaokutana nao sana ni Tuff Torq K46, inayotengenezwa na kampuni ya Tuff Torq ya Morristown, Tennessee, Marekani, iliyo chini ya Yanmar ya Japani. Imefungwa kwenye matrekta madogo ya John Deere na ya majina mengine mengi, kwa hiyo rangi ya bodi isikudanganye: tafuta kibati au chapa kwenye giaboksi yenyewe, futa uchafu, piga picha namba. Vitabu vya matrekta ya namna hii mara nyingi huieleza giaboksi kuwa imefungwa kiwandani na haihitaji huduma ya mwenye mashine. Mimi sikubaliani na wanaolitafsiri hilo kuwa ikivuja itupwe. Ina bolti, ina sili, na sili zinauzwa.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini, toa ufunguo na uchomoe waya wa plagi. Weka trekta kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, weka kabari magurudumu ya mbele, na ukiinua nyuma kwa jeki, weka stendi imara chini ya fremu. Jeki peke yake isikushawishi hata kwa dakika moja. Subiri giaboksi ipoe.

Sasa utafutaji, na hapa ndipo nataka utumie muda wako. Oili hushuka na husafiri. Trekta likienda mbele, oili inayovuja kwenye injini hutambaa kwenye fremu, hurushwa na mkanda, na huja kudondokea nyuma, nawe ukahukumu giaboksi isiyo na kosa. Tazama rangi na unuse. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi na ina harufu ya kuungua. Ya giaboksi mara nyingi hubaki na rangi ya asali au kahawia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na tatizo lako limepita kuvuja.

Safisha giaboksi yote. Kwangua matope na nyasi zilizoganda kwa kijiti na brashi, kisha pangusa kwa tambara lenye kisafisha grisi au mafuta ya taa kidogo. Usipige maji ya presha, hasa kwenye ekseli na juu kwenye puli, kwa kuwa maji hayo hupenya pale pale ambapo oili inatokea. Ikishakauka kabisa, nyunyiza poda, hata ile ya mtoto, kwenye maungio yote. Endesha trekta dakika 15 hivi bila kukata nyasi, liegeshe, kisha lala chini na tochi. Poda iliyolowa itakuonyesha mstari wa oili, na wewe ufuate mstari huo kwenda juu mpaka ufike pa juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo chanzo. Pote palipolowa chini ya hapo ni mahali oili ilipopita tu.

Kama poda imelowa kuzunguka kifuniko cha kujazia oili kilicho juu, furahi, kwa maana huenda hakuna kilichoharibika. Oili ikipata joto inatanuka, na giaboksi iliyojazwa mpaka mdomoni lazima imwage ziada. Hutokea sana baada ya mtu mwenye nia njema kuona oili imepungua akaongeza bila kupima. Fyonza ziada kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba mpaka kiwango kinachotakiwa, na uhakikishe tundu la kupumulia la kifuniko halijazibwa na tope. Tundu likiziba, presha ya ndani husukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Ukibadilisha sili bila kuzibua tundu hilo, utaibadilisha tena.

Lakini mahali pa kawaida zaidi ni kwenye ekseli, kule shafti inapotoka kwenye giaboksi kuingia gurudumu. Utaliona gurudumu lenyewe limepakwa oili upande wa ndani. Sababu kubwa ni nyuzi. Kamba za mifuko, uzi wa kushikilia miche, nyasi ndefu ngumu: vyote hujizungusha kwenye ekseli, vikajibana kwenye sili na kuukata mdomo wake. Sababu ya pili ni joto: mapezi ya kupozea yakifunikwa na nyasi, giaboksi inachemka, mpira unakauka na kupasuka.

Ondoa gurudumu. Utakuta kofia ya plastiki, saklipu, washa, na kii, yaani kile kipande cha chuma cha mraba kinacholifunga gurudumu kwenye shafti. Vipange kwa mpangilio ulivyovitoa, kwa kuwa washa za ndani na za nje hazifanani. Ikiwa gurudumu limeshikwa na kutu, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani hilo ni la kutarajia, nyunyizia dawa ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, kisha tumia pula. Usipige ncha ya ekseli kwa nyundo. Pigo lile linaingia ndani mpaka kwenye saklipu na meno ya giaboksi, na unaweza kuvunja kitu ambacho huwezi kukiona.

Sili ikiwa wazi, fanya jaribio moja kabla ya kuichomoa. Shika ekseli kwa mikono miwili, itikise juu na chini. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ikiwa inagonga, bushi au beringi imekwisha, na sili mpya itavuja mapema kwa sababu shafti inayoyumba huupanua mdomo wake upande mmoja. Ni afadhali kulijua hilo sasa kuliko baada ya kurudisha gurudumu.

Pima kina sili ilipozama, uandike. Kisha iondoe kwa ndoano ya chuma au bisibisi bapa, ukiegemea ukingo wa nje na kamwe si shafti. Ikikataa, toboa tundu dogo kwenye bati la sili kwa drili yenye grisi kwenye ncha ili vumbi la chuma linase, kaza humo skrubu ya mbao na uivute kwa koleo. Toboa bati tu. Mkwaruzo mmoja kwenye shafti au kwenye tundu la alumini ni njia mpya ya oili.

Ukishaitoa, soma namba zake. Huwa tatu, kwa mfano 25 40 7: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Ichukue sili ya zamani kwenda nayo dukani, uwe Gerezani Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, lakini chukua pia kipimo cha shafti ulichokipima kwa venia pale mdomo wa sili unapokaa. Ekseli nyingi za matrekta madogo ya Marekani ni za inchi 3/4, yaani milimita 19.05, na nyingine inchi 1, yaani 25.4. Muuzaji aliyezoea vipimo vya milimita atakupa ya 20 akikuambia ni ile ile. Milimita moja kasoro ndiyo tofauti kati ya sili inayoziba na sili inayokaa pale kama pambo. Ikikosekana ya saizi kamili, agiza kwa namba ya giaboksi.

Uliza pia mpira gani. Naitrili, ambao ni wa kawaida, unahimili joto la karibu nyuzi 100 za selsiasi. Vitoni unafika karibu 200. Kwa giaboksi inayofanya kazi kwenye mteremko na jua la mchana, mimi nalipa zaidi nikachukua vitoni. Rangi ya kahawia ni dalili yake ya kawaida lakini haithibitishi, kwa hiyo soma maandishi.

Tazama shafti pale sili ilipokaa. Ukipitisha ukucha na ukasikia mfuo, mdomo wa zamani umeichimba. Mfuo mdogo unaepukika kwa kuzamisha sili mpya milimita moja au mbili pungufu, ili mdomo uangukie chuma kisichochakaa. Mfuo wa kina unahitaji kikoti chembamba cha chuma kinachovishwa juu ya shafti, au shafti nyingine. Kutu ndogo iondoe kwa msasa laini, namba 400 kwenda juu, ukizungusha kuifuata duara, usisugue kwa urefu. Ziba tundu kwa kitambaa wakati wa kusugua.

Kisha jambo linaloangusha wengi: mfuo wa kii una kingo kali, na mdomo wa sili lazima upite juu yake. Zungushia shafti utepe wa plastiki, upake oili, upake pia mdomo wa sili, halafu uitelezeshe taratibu. Upande wenye springi ndogo ya duara utazame ndani, kwenye oili. Igonge kwa kipande cha bomba kinachogusa ukingo wa nje pekee, gonga kidogo huku na huku iingie sawasawa mpaka kina ulichoandika, au pungufu kidogo kama shafti ilikuwa na mfuo. Sili iliyoingia upande ni sili iliyoharibika, hata kama ni mpya. Toa utepe.

Sehemu ya tatu ya kuvuja ni juu, kwenye shafti inayopokea puli. Dalili yake ni oili iliyorushwa pande zote kwenye feni ya kupozea na chini ya fremu, na mkanda unaoteleza kwa kulowa. Sili yake ni rahisi kubadilisha kama ile ya ekseli, ila kuifikia ndiyo kazi: kwa matrekta mengi hakuna nafasi mpaka giaboksi ishushwe. Piga picha njia ya mkanda kabla ya kuulegeza, na picha za kila fimbo: ya pedali, ya breki, na ile ya wenzo wa kuachia unaoruhusu trekta kusukumwa kwa mkono. Fungua bolti za fremu giaboksi ikiwa imelala juu ya jeki, mtu wa pili akiishikilia isigeuke. Saklipu ya puli itolewe kwa koleo lake, na feni ivutwe sawasawa kwa kuwa plastiki iliyopigwa na joto miaka mingi huvunjika kirahisi. Mkanda uliolowa oili usiurudishe. Kuna sili nyingine ndogo ubavuni kwenye shafti ya kidhibiti mwendo, na utaratibu ni ule ule.

Ya nne ni kwenye ungio la nusu mbili za bodi. Kwanza jaribu kukaza bolti, kwa mkono mwepesi na kwa mpangilio wa msalaba, maana nyuzi za alumini hung'oka haraka. Ikiendelea kuvuja, giaboksi inabidi ipasuliwe, na hapo nakusihi ujipime. Ndani kuna pistoni zenye springi, vichujio na sumaku ya kunasa unga wa chuma, na punje ya mchanga ikiingia kwenye pampu itafanya hasara kubwa kuliko kuvuja kwenyewe. Ikiwa huna chumba kisicho na vumbi, mpe mtu anayefanya pampu za haidroliki. Ikiwa unacho, ng'oa silikoni ya zamani yote kwa kipande cha plastiki, pangusa nyuso mpaka tambara litoke jeupe, na uweke mkanda wa silikoni inayohimili oili wenye unene wa milimita 3 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti bila kukatika. Usiweke zaidi. Ziada inayobinywa ndani hukatika ikaziba vichujio. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake kabla ya kujaza oili. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa au chembe za rangi ya shaba maana yake pampu imekwisha, na pesa ya silikoni itumie kwa jambo lingine.

Kuhusu oili yenyewe, fuata kitabu cha giaboksi na si mazoea ya gereji. K46 hutumia oili ya aina ya injini, SAE 10W-30 au sintetiki ya 5W-50. Giaboksi nyingi za kampuni ya Hydro-Gear hutaka 20W-50. Oili nyekundu ya giaboksi otomatiki za magari isiwekwe kwa sababu tu neno giaboksi limetajwa. Na zile dawa za kuzuia kuvuja zinazouzwa kwenye chupa ndogo siziungi mkono hata kidogo: zinavimbisha mpira, zinanyamazisha doa kwa muda, kisha sili zote hulegea kwa pamoja. K46 haina tundu la kumwagia oili chini, kwa hiyo oili ya zamani hutolewa kwa kufyonza, au kwa kuipindua giaboksi ikiwa imeshushwa. Ikusanye kwenye dumu. Oili ikimwagwa kwenye kiwanja itaua nyasi zile zile ambazo trekta linatunza. Iliyodondoka sakafuni ifunike na maranda.

Usiliendeshe trekta moja kwa moja baada ya kujaza. Hewa iko ndani ya pampu na lazima itolewe. Magurudumu ya nyuma yakiwa yananing'inia juu ya stendi pana na visu vimezimwa, vuta wenzo wa kuachia, rudisha waya wa plagi, keti taratibu kwenye kiti, washa injini kwa mwendo wa chini na uachie breki. Usifunge swichi ya kiti kwa waya ili ufanye kazi ukiwa umesimama. Kanyaga pedali ya mbele polepole mpaka mwisho, shikilia sekunde 5, achia. Kisha ya nyuma vivyo hivyo. Rudia mara 5 au 6. Zima, rudisha wenzo mahali pake, uwashe na kurudia zoezi lote. Acha ipoe, pima oili, ongeza kilichopungua. Magurudumu yakizunguka bila kusita pande zote mbili na mlio umetulia, shusha trekta ukaliendeshe dakika 10 kwenye uwanja tambarare, na usipande mwinuko siku hiyo.

Kesho yake weka katoni safi chini yake kabla ya kuliwasha. Ikiwa kavu, kilichobaki ni kazi ya mtunza bustani: kila baada ya kukata, akate nyuzi kwenye ekseli kwa kisu na apulize nyasi kwenye mapezi na feni. Na wewe chukua rangi, uandike chini ya kiti namba ya giaboksi, aina ya oili na vipimo vitatu vya sili, ili atakayelitengeneza trekta hilo baadaye asianze kwa kubahatisha.